NCHI JIRANI: Mbwa Dume Akihasiwa, Hubadilika Nini na Hubaki na Nini

Mpaka wa nchi huchorwa na watu na hulindwa na watu, mbwa haujui. Mbwa dume wa Namanga au wa Tunduma akipata harufu ya jike mwenye joto upande wa pili, huvuka bila kumwomba mtu ruhusa, hupigana na madume wenzake huko alikokwenda, na hurudi alfajiri akiwa na majeraha. Ikiwa mmoja wa wale aliopigana nao ana kichaa cha mbwa, basi ugonjwa nao umevuka mpaka usiku huo, na hakuna kizuizi cha barabarani kilichouona ukipita.

Katika mipaka hiyo hiyo wamo pia mbwa wa namna nyingine. Hao hufanya kazi pamoja na askari: hunusa dawa za kulevya na pembe za ndovu, hufuata nyayo za majangili, na hulinda maghala usiku. Kenya imekuwa na kikosi cha mbwa cha polisi tangu mwaka 1948. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, askari wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga wamekuwa wakitumia mbwa wa kufuatilia harufu tangu mwaka 2011. Na huko Usa River, mkoani Arusha, wamefundishwa mbwa na askari wanaowaongoza ili wakafanye kazi ya kunusa nyara za wanyamapori katika viwanja vya ndege na bandari za nchi kadhaa za Afrika.

Mbwa mzururaji na mbwa wa kazi hukutana katika swali moja, ambalo huulizwa katika nchi zote za jirani: mbwa dume aliyekwisha kukomaa akihasiwa, tabia yake hubadilika namna gani?

Yapo majibu mawili yaliyoenea, na yote mawili yana kasoro. La kwanza husema kwamba mbwa aliyehasiwa ameharibiwa: atakuwa mvivu, hatabweka, hatafaa tena kwa ulinzi. La pili husema kwamba kuhasi ni dawa ya kila ubaya, na kwamba mbwa aliyemuuma mtu jana, akipelekwa kwa daktari wa mifugo leo, kesho atakuwa mpole kama mwana-kondoo. Anayelishika jibu la kwanza humwacha mbwa wake azurure na kuzaa ovyo. Anayelishika jibu la pili yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa maana atamfungua mnyororo mbwa ambaye ukali wake haukuguswa na kisu.

Ili kulifahamu jambo hili, yafaa kuanza na mwili wenyewe. Kuhasi ni kuziondoa korodani zote mbili kwa upasuaji, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Korodani zina kazi mbili. Kwanza hutengeneza mbegu za uzazi. Pili hutengeneza homoni ya kiume iitwayo testosteroni, ambayo husafiri katika damu hadi kwenye ubongo. Zikiondolewa, kiwango cha homoni hiyo hushuka kwa kasi, na katika muda wa saa chache huwa kimebaki kidogo sana. Mtu angetarajia kwamba tabia nayo itashuka siku ile ile. Lakini haiwi hivyo. Baadhi ya mbwa hubadilika katika majuma mawili ya kwanza. Wengine hubadilika polepole kwa miezi kadhaa. Na wapo wasiobadilika kabisa.

Sababu yake ni kwamba ubongo wa mbwa dume hupata umbo la kiume mapema mno, angali tumboni mwa mama yake na katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Homoni ya ukubwani haiziumbi tabia hizo upya. Huzichochea, kama upepo unavyouchochea moto ambao kuni zake zilikwisha kupangwa. Upepo ukikoma moto hupungua, lakini kuni bado zipo. Ndiyo maana mbwa dume aliyehasiwa huendelea kuinua mguu anapokojoa, na ndiyo maana baadhi yao huweza hata kumpanda jike aliye kwenye joto. Wakulima wanaolima kwa plau, katika mkoa wa Mara na ng'ambo ya mpaka huko Kenya, wanalijua jambo hili kwa ng'ombe wao. Dume aliyehasiwa angali ndama hukua na umbo la maksai. Aliyehasiwa akiwa fahali kamili hutulia, lakini shingo yake nene hubaki nayo.

Ushahidi wa kitaalamu juu ya mbwa wakubwa si wa jana. Mwaka 1976 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, nchini Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mbwa dume 42 waliohasiwa wakiwa wamekomaa. Uzururaji ulipungua kwa karibu mbwa tisa katika kila kumi. Ugomvi wa dume kwa dume ulipungua kwa karibu mbwa sita katika kila kumi. Tabia ya kupandia mbwa wengine, watu au vitu ilipungua kwa karibu thuluthi mbili ya mbwa, na tabia ya kukojolea kila pembe ya nyumba ili kuweka alama ilipungua kwa nusu yao. Lakini ukali unaotokana na woga, na ukali wa kulinda eneo, haukuonyesha mabadiliko ya maana.

Mwaka 1997 chuo hicho hicho kilitoa uchunguzi mwingine, wa mbwa 57 ambao wote walikuwa na tabia zilizowasumbua wenye mbwa. Mara hii watafiti walipima pia tabia imepungua kwa kiasi gani. Kwa uzururaji, kupandia na kukojolea, mbwa wapatao sita katika kila kumi walipunguza tabia hiyo kwa nusu au zaidi. Walioiacha karibu kabisa walikuwa wachache zaidi, kati ya robo na thuluthi moja na ushei. Kwa ukali, mafanikio yalikuwa haba: waliopungua kwa nusu au zaidi walikuwa takriban robo hadi thuluthi ya mbwa. Tena ilionekana kwamba umri wa mbwa, na muda aliokwisha kuwa na tabia ile, havikubashiri matokeo. Mbwa wa miaka saba aliweza kubadilika sawa na wa miaka miwili. Kwa hiyo wale wasemao kwamba mbwa akishakuwa mkubwa kuhasi hakuna faida, hawana ushahidi.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Neno ukali ni moja, lakini mambo yanayoitwa ukali ni mengi. Upo ukali wa dume anayemwona dume mwenzake kuwa mshindani. Huo una mzizi katika homoni, na ndio ambao kuhasi huweza kuupunguza. Upo ukali wa mbwa aliyepigwa mno akiwa mdogo, ambaye kila mkono ulioinuliwa kwake ni fimbo. Huyo huuma kwa woga. Upo ukali wa mbwa anayelinda chakula chake au lango lake. Upo ukali wa mbwa mwenye maumivu, labda ya nyonga au ya sikio, ambaye huuma anapoguswa panapouma. Na upo ukali aliofundishwa na binadamu kwa ajili ya kazi. Ukali wa namna hizi nne za mwisho hautoki korodani, na hauwezi kuondoka pamoja na korodani.

Tena ipo sababu ya kuwa waangalifu zaidi kwa mbwa mwenye woga. Mwaka 2018 zilitolewa taarifa mbili za utafiti zilizokusanya maelezo ya wenye mbwa kwa maelfu. Moja, iliyohusu mbwa zaidi ya 13,000, haikuona kwamba mbwa waliohasiwa walikuwa na ukali mdogo kuliko wasiohasiwa, si kwa watu wa nyumbani, si kwa wageni, wala si kwa mbwa wengine. Ya pili, iliyohusu mbwa dume peke yao, ilionyesha kwamba kadiri mbwa alivyoishi muda mfupi zaidi na homoni zake, ndivyo dalili za woga zilivyokuwa nyingi zaidi. Taarifa za namna hii lazima zisomwe kwa makini, kwa sababu watu wengi humhasi mbwa ambaye tayari ana matatizo, na hivyo si rahisi kusema kipi kilitangulia. Hata hivyo onyo lake ni wazi: mbwa anayetetemeka akisikia mlio wa bunduki hatapata ujasiri kwa kuhasiwa, na huenda akazidi kuwa mwoga.

Ushahidi mwingine unatoka mbali, katika mji wa Puerto Natales, kusini kabisa mwa Chile. Umbali huo usimfanye msikilizaji aupuuze, kwa sababu mbwa wa mji huo huachwa wazurure mitaani kama wanavyoachwa mbwa wengi wa miji ya Afrika Mashariki. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2016, madume wa mitaani waligawanywa katika makundi: wengine walihasiwa kwa upasuaji, wengine walichomwa katika korodani sindano ya dawa yenye madini ya zinki, na wengine waliachwa kama walivyo. Mwendo wao na mwenendo wao ulifuatiliwa kabla na baada. Waliohasiwa kwa upasuaji hawakupunguza ugomvi, wala eneo walilozurura halikupungua. Waliochomwa sindano walizidi kuwa wakali kwa mbwa wenzao.

Je, matokeo hayo yanapingana na yale ya California? Hapana, yanayapa mipaka. Mbwa wa California walikuwa wakitunzwa nyumbani, na walipotoka walikuwa wakimfuata jike. Mbwa wa mtaani hutoka pia kutafuta chakula na kukutana na wenzake, na njia zake amezizoea tangu utotoni. Homoni ikiondoka, njaa bado ipo na lango bado liko wazi. Asiyefunga lango asitarajie kwamba daktari atamfungia.

Tukirudi kwa askari wa nchi jirani na mbwa wao, swali huwa ni hili: je, kuhasi humwondolea mbwa wa kazi uwezo wake? Mbwa wa kufuata harufu katika misitu ya Virunga, au wa kunusa makontena katika bandari ya Mombasa, hatumii uume wake kufanya kazi. Hutumia pua, na hufanya kazi kwa hamu ya mchezo, ya chakula na ya sifa kutoka kwa askari wake. Hamu hiyo haitengenezwi na korodani. Mfano ulio dhahiri ni mbwa wanaowaongoza vipofu nchini Uingereza. Madume wasiochaguliwa kuwa wazazi huhasiwa kama jambo la kawaida, kisha hufanya kwa miaka mingi kazi inayodai utulivu na uangalifu mkubwa. Kinyume chake, dume asiyehasiwa anayefuata nyayo za jangili akikatiza kijiji chenye jike aliye kwenye joto, huweza kugawanyika fikira, na dakika chache za namna hiyo zatosha kumpa mhalifu nafasi ya kuvuka mto.

Lakini kwa mbwa wa kazi upo pia upande wa pili wa mizani. Wa kwanza ni umri. Mbwa wa aina ya German Shepherd, ambao hutumiwa sana na majeshi na polisi, walichunguzwa huko Davis, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Madume waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipata magonjwa ya viungo mara tatu zaidi ya wale wasiohasiwa: 21 katika kila 100, dhidi ya 7. Homoni husaidia kuiamuru mifupa iache kurefuka kwa wakati wake. Kwa hiyo mbwa mkubwa wa kazi husubiriwa mpaka mwili wake ukomae. Wa pili ni uzito. Mbwa aliyehasiwa huhitaji chakula pungufu, huku hamu yake ya kula ikiongezeka. Watu husema amekuwa mvivu kwa sababu amehasiwa. Mara nyingi amekuwa mzito kwa sababu sahani yake haikupunguzwa na mazoezi yake yalipunguzwa. Wa tatu ni uzao. Dume aliye hodari kuliko wote akihasiwa, damu yake imekwisha, na uamuzi huo haurudishwi nyuma.

Kwa wasiwasi huo wa mwisho, ipo njia ya kati. Katika nchi kadhaa daktari wa mifugo huweza kupandikiza chini ya ngozi kidonge kidogo cha dawa kiitwacho deslorelini, ambacho huzima utengenezaji wa testosteroni kwa miezi sita au mwaka, kutegemea kipimo chake. Katika majuma ya mwanzo homoni hupanda kwanza kabla haijashuka, na mbwa aweza kuwa mkorofi kwa muda. Askari wake lazima alijue hilo mapema. Baadaye huonekana jinsi mbwa huyo angekuwa kama angehasiwa kabisa. Akifaa, hupelekwa kwa upasuaji. Asipofaa, dawa huisha nguvu na hurudia hali yake.

Askari anayekabidhiwa mbwa aliyetoka kuhasiwa ana wajibu ulio wazi. Kwa siku kumi hadi kumi na nne mbwa apumzike, asirukie vizuizi wala asikimbizwe, na azuiwe kulamba kidonda. Kidonda kikivimba sana, kikitoa usaha au kikifumuka, daktari aitwe mara moja. Kwa mwezi mmoja na nusu awekwe mbali na majike, kwa kuwa mbegu zilizobaki katika mirija huweza bado kutia mimba. Chakula chake kipimwe, na uzito wake uandikwe kila juma. Juu ya yote, mafunzo yasikatizwe zaidi ya muda wa kupona. Homoni iliyopungua humfungulia mwalimu mlango, lakini mwalimu asipoingia, mazoea ya zamani hurudi kukalia nafasi yao.

Na kabla ya uamuzi wenyewe, maswali machache yaulizwe. Mbwa huyu anasumbua nini hasa? Anatoroka kufuata majike, au anauma watu? Anauma wakati gani, na nani? Je, amepimwa kama ana maumivu? Tatizo likiwa ni kutoroka, kupandia, kukojolea ovyo au kupigana na madume, kuhasi kuna nafasi nzuri ya kusaidia. Likiwa ni kuuma watu kwa woga au kwa mazoea, kinachohitajika ni mwalimu mwenye subira, mdomo uliofungwa kwa kifungio anapokuwa karibu na watu, na pengine kumwondoa mbwa huyo katika kazi.

Limebaki jambo la kichaa cha mbwa, ambalo ndilo linalozigusa nchi zote za jirani kwa pamoja. Ugonjwa huu huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu ni nadra mno apone. Kenya iliweka mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Malawi, katika mji wa Blantyre, mbwa zaidi ya 35,000 walichanjwa katika kampeni ya mwaka 2015 iliyofanywa kwa siku ishirini. Nchi hizo zilitanguliza chanjo, na kwa sababu njema: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kuhasi husaidia kupunguza watoto wa mbwa wasiotakiwa, lakini hakumkingi mbwa hata mmoja na kichaa. Mbwa aliyehasiwa bila kuchanjwa huweza kuugua na kuua sawa na mwingine. Na mtu yeyote akiumwa, awe raia au askari, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hawakusema habari za korodani. Walisema habari za msasi. Kisu cha daktari huweza kumpunguzia mbwa dume hamu ya kuvuka mpaka usiku na kupigana na wenzake, na hiyo ni faida isiyopaswa kudharauliwa. Lakini utiifu, ujasiri na kujizuia, mambo ambayo askari humtegemea mbwa wake kwayo gizani, hutoka kwa yule anayeishika kamba. Anayemhasi mbwa wake amepunguza tatizo moja. Aliyemchanja amewakinga majirani wa pande zote mbili za mpaka. Na aliyemfundisha vyema, huyo ndiye aliye na mbwa.